Vuli Mbili: Marekani Shule Inafunguliwa, Nyumbani Inafungwa

Neno vuli siku hizi lina maana mbili. Kwa mkulima wa Tanga au Machakos, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Kwa Mswahili anayeishi Ohio au Minnesota, vuli ni kipindi cha kati ya joto na baridi, miti inapobadili rangi na kupukutisha majani. Miezi inakaribiana, ila shuleni mambo yamepishana: kwa Marekani ndiyo miezi ya mwanzo wa mwaka wa masomo, kwa Tanzania na Kenya ndiyo ya kuufunga. Upishano huo ndio unaozaa tofauti nyingine nyingi, na unawagusa zaidi wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, wale wa umri wa miaka tisa hadi kumi na mbili au kumi na tatu.

Kalenda

Shule za umma za Marekani kwa kawaida husomesha siku zipatazo 180 kwa mwaka. Majimbo mengi ya kusini hufungua mwezi Agosti. Jiji la New York na sehemu kubwa ya kaskazini mashariki hungoja mpaka ipite Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mwaka huisha Mei au Juni. Tanzania huanza Januari na kufunga Desemba, kwa siku 194 za masomo. Kenya nayo huanza Januari, kwa mihula mitatu, na muhula wa mwisho, ambao ndio mfupi kuliko yote, huanza mwishoni mwa Agosti.

Hata hivyo, nyumbani nako kalenda si moja. Kongo na Burundi hufungua mwaka wa shule Septemba, na Rwanda ilihama kutoka Januari baada ya janga la UVIKO-19, sasa nayo huanza Septemba. Mtoto aliyetoka Bukavu hukuta Marekani kalenda aliyoizoea. Aliyetoka Arusha au Mombasa huingia safarini gari likiwa limeshaondoka: anamaliza darasa la nne Desemba, anafika Januari, anakuta wenzake wameshasoma miezi minne au mitano. Isitoshe, wilaya nyingi za elimu humpanga mtoto kwa umri wake kuliko darasa aliloachia. Mwenye miaka kumi huwekwa gredi ya nne au ya tano, hata kama Kiingereza chake ni cha salamu tu.

Siku za kufungua

Maandalizi ya nyumbani yanajulikana: sare, viatu vyeusi, soksi, madaftari, na katika shule nyingi ufagio, jembe au rimu ya karatasi. Pilikapilika hizo ni za mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari. Marekani huja Agosti, na orodha yake ni nyingine. Shule nyingi za umma hazina sare. Mzazi hutakiwa kununua penseli, rangi, gundi, vipokea sauti vya masikioni na hata maboksi ya tishu za darasa zima. Gharama ya sare inayookolewa hurudi kwa mlango wa nyuma ifikapo Oktoba, pale koti, glavu na viatu vya baridi vinapohitajika kwa kila mtoto.

Uandikishaji wenyewe una mambo mawili ambayo mzazi mgeni hapaswi kuyapuuza. La kwanza ni haki. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya kukosa hati za uhamiaji. La pili ni fomu inayouliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakihofia mtoto atachukuliwa kuwa mzito. Matokeo yake huwa kinyume. Akiandika Kiswahili, mtoto hupimwa Kiingereza chake, na akionekana anahitaji msaada shule inawajibika kumpa. Msingi wa wajibu huo ni kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, iliyohusu watoto wa jamii ya Kichina jijini San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa.

Wiki za mwanzo hutumika kumjua mwanafunzi. Shule nyingi humkalisha mbele ya kompyuta kwa kipimo cha kusoma na hesabu. Akipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi. Akikosa, linalofuata hulegezwa. Lengo ni kujua pa kuanzia, wala hakuna anayefaulu au kufeli. Baada ya hapo huanza utaratibu wa kila siku: basi la njano asubuhi, mwalimu mmoja anayefundisha karibu masomo yote, meza zilizopangwa kwa makundi, chakula cha mchana shuleni, mapumziko ya kucheza nje, na jioni dakika ishirini hivi za kusoma kitabu nyumbani. Tanzania, mwanafunzi wa darasa la tano tayari ana mwalimu wa kila somo, na darasa lenye watoto zaidi ya 60 si jambo la kushangaza.

Jani moja, masomo mawili

Tofauti ya vuli hizi mbili huonekana vizuri kwenye jani lililoanguka. Shuleni Marekani, mwezi Oktoba, wanafunzi hutoka nje kuokota majani. Wakirudi darasani huyachanachana, huyaweka kwenye glasi yenye spiriti, kisha glasi husimamishwa ndani ya maji ya moto. Kipande chembamba cha karatasi ya kuchujia kahawa huning'inizwa mpaka ncha yake iguse spiriti. Spiriti hupanda taratibu ikibeba rangi za jani, na baada ya nusu saa au zaidi karatasi inakuwa na mistari: kijani hapa, manjano pale.

Hapo ndipo somo linapoanza. Ukijani wa jani ni umbijani, ambao mti huutumia kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza umbijani mpya, na ule wa zamani huvunjika. Rangi ya manjano haikuletwa na vuli. Ilikuwemo ndani ya jani siku zote, imefunikwa na kijani. Ni ya jamii moja na rangi ya karoti na kiini cha yai. Nyekundu ya miti kama maple ni habari tofauti, kwani nyingi hutengenezwa vulini humohumo.

Katika shule nyingi za Tanzania, mwanafunzi hukutana na jani akiwa na ufagio wa chelewa mkononi. Kabla ya kengele ya mstarini kila mmoja ana eneo lake la kufagia, chini ya mwembe au mwarobaini, na kiranja hupita kukagua. Lile nalo ni somo, la wajibu na usafi, na mtoto wa Marekani halipati, kwa kuwa uwanja husafishwa na mfanyakazi mwenye mashine ya kupuliza. Wala lile la rangi halihitaji baridi ili lifundishwe. Mkungu, unaoota hata kwenye viwanja vya shule za pwani, hugeuza majani yake kuwa mekundu na manjano kabla ya kuyaangusha, na spiriti inauzwa dukani. Jani lipo. Kinachokosekana ni wakati, maana miezi hiyo darasa zima liko kwenye marudio.

Msimu wa mitihani

Tanzania, Septemba ni mwezi wa Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa darasa la saba. Ni siku mbili za masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, na Uraia na Maadili. Mwezi Oktoba hufuata Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Wiki za kabla ya hapo huwa za tuisheni, mitihani ya majaribio, kambi za kusoma usiku na dua za wazazi. Kisha huja mahafali, na pilau. Waliofaulu hupangiwa kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia hubadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, kwa hiyo darasa la saba lenyewe limo mbioni kuondoka.

Kenya imeshafika mbali zaidi katika mageuzi hayo. Mtihani wa KCPE, uliokuwa ukiamua nani aende shule gani ya sekondari, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Badala yake wanafunzi wa gredi ya sita hufanya upimaji wa KPSEA, ulioanza mwaka 2022, na huendelea gredi ya saba bila mchujo.

Marekani haina mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Sheria ya shirikisho inataka wanafunzi wa gredi ya tatu hadi ya nane wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka, lakini vipimo hivyo hufanywa na kila jimbo, na hufanywa majira ya machipuko. Vuli hubaki na nafasi ya mambo mengine. Oktoba maboga huletwa darasani: hupimwa uzito, hupimwa mzingo, na mbegu zake huhesabiwa kwa makumi. Mtoto aliyezoea kuona boga kwenye sufuria hushangaa kuliona kwenye hesabu. Tarehe 31 huwa Halloween, yenye mavazi ya kuigiza. Familia isiyoitaka kwa sababu za dini inaweza kumwambia mwalimu mapema. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving, na darasani husomwa habari za walowezi wa Plymouth na watu wa kabila la Wampanoag mwaka 1621.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma katika karibu majimbo yote, na tofauti kati ya New York na Dar es Salaam huongezeka kutoka saa saba hadi nane. Minneapolis, mwishoni mwa mwezi huo, jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Mtoto hushuka kwenye basi kiza kikibisha hodi, na simu ya bibi Tanzania haina budi kutafutiwa saa nyingine.

Ripoti na mzazi

Nyumbani, mzazi hungoja fomu ya ripoti siku ya kufunga shule. Humo mna alama, wastani, na kile kinachotazamwa kwanza kuliko vyote: mtoto amekuwa wa ngapi kati ya wangapi. Ripoti ya shule ya msingi Marekani haina nafasi. Wilaya nyingi hutumia namba 1 hadi 4, ambapo 3 maana yake mtoto amefikia kiwango cha gredi yake. Mzazi aliyezoea asilimia huona 3 akadhani mtoto amezembea, kumbe yuko sawa. Hatari iko kwa 2, ambayo haina wino mwekundu wala karipio lolote pembeni, na ni rahisi kupitwa bila kuonekana.

Mahali pa kuuliza maana ya namba hizo ni mazungumzo ya mzazi na mwalimu, ambayo shule nyingi huyaweka Oktoba au Novemba. Si kikao cha wazazi wote cha kujadili michango na uji wa shule. Ni miadi ya mzazi mmoja na mwalimu mmoja, dakika kumi na tano hadi ishirini, mbele ya daftari la mtoto. Shule za umma zinawajibika kumpatia mkalimani bila malipo mzazi asiyemudu Kiingereza, na mtoto mwenyewe hapaswi kufanywa mkalimani wa habari zake. Maswali matatu yanatosha: mtoto anasoma kwa kiwango cha gredi ipi, ni wapi kwenye hesabu anakwama, na shule inampa msaada gani wa lugha.

Mzazi aliyelelewa na mfumo wa mitihani huona kutokuwepo kwa mtihani wa mwisho kama nafuu, akatulia. Lakini mtihani ule, pamoja na ukali wake, ulikuwa ukimwambia mzazi ukweli kuhusu mtoto wake hata kama hakuuliza. Marekani ukweli huo hutolewa kwa anayeufuata, na wakati wake ni vuli, mwaka ungali mbichi na pengo dogo likizibika. Atakayengoja matokeo ya kumaliza shule ya msingi ili ajue mtoto wake amesimama wapi atangoja bure, kwa sababu matokeo hayo hayatangazwi.