Simu yakataa farasi wa baba

Baba mmoja wa Kahama hufanya kazi mgodini Geita na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Maongezi yake na binti yake wa darasa la sita huishia kwenye madaftari na ada. Safari hii alimkuta anacheza chesi kwenye simu ya mama. Yeye ni mtu wa drafti, ile ya vizibo vya soda. Akaomba wacheze wawili.

Akasogeza farasi. Farasi akarudi mahali pake. Akajaribu tena, vilevile.

"Simu hii mbovu."

"Si mbovu, baba. Farasi anamkinga mfalme wako. Akitoka, ngome yangu inampata."

Kwenye drafti ukikosea unaliwa, basi. Chesi haikuruhusu kabisa kumwacha mfalme hatarini. Akipigwa cheki njia ni tatu: akimbie, akingwe, au anayemtisha aliwe. Simu hukataa bila kutoa sababu, ndiyo maana watoto wengi hubahatisha tu. Kwenye mashindano ya kanuni za FIDE, kosa la kwanza mpinzani wako huongezewa dakika 2. La pili, kwa kawaida umeshindwa.

Basi la Geita lilikuwa linaondoka saa 12 alfajiri. Saa 5 usiku baba alikuwa bado anauliza habari za ngome.