Machozi kwa Ragnar

Huenda msomaji wa kurasa hizi akastaajabu kumwona mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambaye wakati huu alipaswa kuwa ameinamia tasnifu yake, akijishughulisha na tamthilia ya runinga kuhusu Wavikingi. Mimi mwenyewe nimestaajabu. Sikuzoea kuandika juu ya mambo ya aina hii, wala sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningemlilia mtu wa Skandinavia ambaye wanahistoria hawakubaliani hata kama aliwahi kuishi. Hata hivyo nililia, tena kwa kwikwi, na mwenzangu tunayeishi naye bwenini aliondoa vidude masikioni mwake akaniuliza, "Dada, kuna msiba nyumbani?" Nilipomwonyesha kioo cha tarakilishi, alicheka hadi akajishika mbavu.

Swali lake halikuwa mbali na ukweli. Nitafika huko.

Tamthilia yenyewe inaitwa Vikings. Iliandikwa na Michael Hirst, sehemu kubwa ikapigiwa picha nchini Ayalandi, na ilianza kuonyeshwa mwaka 2013. Mhusika wake mkuu ni Ragnar Lothbrok, mkulima anayetamani kuvuka bahari kuelekea magharibi, akavuka, akapora, akawa mfalme, na hatimaye akapoteza karibu kila alichopata. Kipindi ninachokizungumzia ni cha 15 katika msimu wa nne, kinachoitwa "All His Angels", kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza mnamo Desemba 2016. Ndicho kipindi anachouawa Ragnar. Mfalme Aelle wa Northumbria anaamuru atupwe katika shimo la nyoka, naye anakufa humo.

Nisije nikadhaniwa kwamba mauti hayo yalinishtua, niseme mapema kuwa niliyajua. Miaka kadhaa kabla ya kuiona tamthilia hii nilikuwa nimesoma juu ya masimulizi ya kale ya Waskandinavia kwa ajili ya somo la utendi, tulipokuwa tukilinganisha mashujaa wa tamaduni mbalimbali. Shimo la nyoka limo katika maandishi ya Kilatini ya Saxo Grammaticus wa Denmaki, aliyeandika takriban mwaka 1200, na limo pia katika masimulizi ya Aisilandi ya karne ya 13. Katika masimulizi hayo nyoka wanakataa kumuuma Ragnar kwa sababu amevaa vazi alilopewa na mkewe, na ni mpaka avuliwe ndipo wanapomvamia. Kuna na shairi la karne ya 12, Krákumál, lenye beti 29, ambalo lote linachukuliwa kuwa maneno ya Ragnar akiwa shimoni. Kila ubeti, isipokuwa wa mwisho, unaanza kwa mstari ule ule. Wenzangu wa ushairi watatambua mara moja kazi ya takriri ya namna hiyo: mtu anayekata roho anarudi palepale, anajihesabia vita vyake kimoja baada ya kingine, kama anayehesabu mali yake kabla ya kuikabidhi.

Kwa hiyo taharuki haikuwapo. Wasikilizaji wa kisa cha Fumo Liyongo nao hawangoji kujua kama atapona. Wanaijua sindano ya shaba, wanajua itaingia kitovuni, wanajua mkono utakaoidunga ni wa mwanawe. Bado wanakaa, wanasikiliza, wanamlilia. Hilo nililifahamu kinadharia na nimepata kuliandika katika mtihani nikapewa alama nzuri. Lililonipata mbele ya tarakilishi lilikuwa jambo jingine.

Ili lieleweke, sharti nirudi nyuma kidogo. Ragnar anafika Uingereza safari hii akiwa mzee wa moyo. Jeshi hana. Amekuja na wakongwe wachache aliowahonga kwa hazina, pamoja na mwanawe Ivar, kijana ambaye miguu yake haimbebi. Chombo chao kinavunjika karibu na pwani. Baada ya hapo Ragnar na mwanawe wanawaua wenzao waliosalia ili wabaki wawili tu, kitendo ambacho tamthilia inakipita haraka mno kwa maoni yangu, kana kwamba wale wakongwe hawakuwa na wake wala watoto waliowangoja. Halafu baba anamweka mwana mgongoni, anatembea naye hadi kwa Mfalme Ecbert wa Wessex, na kujisalimisha.

Ecbert ni adui yake wa zamani aliyemsaliti. Ni rafiki yake pia, kwa namna ambayo maadui wawili wenye akili huweza kuwa marafiki. Katika kipindi kinachotangulia kile cha kifo, wafalme hawa wawili wanakaa pamoja, wanakunywa, wanazungumza usiku kucha. Wanazungumza juu ya Mungu wa mmoja na miungu ya mwingine. Ecbert anashikilia kwamba pasipo Mungu maisha hayana maana. Mgeni wake haoni hivyo. Polepole, bila majigambo, Ragnar anamfunulia Ecbert jambo ambalo hajawafunulia watu wake: haamini tena. Ukumbi wa Odin, karamu ya mashujaa waliokufa vitani, vyote hivyo kwake vimekuwa hadithi. Hakuna mwingine anayelisikia jambo hilo. Ni Ecbert peke yake.

Msomaji aishike hiyo siri, maana ndiyo kiini cha yote.

Kisha inakuja hila. Ragnar anamshawishi Ecbert amkabidhi kwa Aelle, amrudishe Ivar nyumbani salama, na kwa malipo ya hisani hiyo atamwagiza kijana awaambie nduguze kwamba mwenye hatia ni Aelle. Wanapoagana, baba anamnong'oneza mwana agizo tofauti: kisasi kimfikie Ecbert pia. Ameyapanga mauti yake kama mtu anayepanga shamba. Njiani kuelekea Northumbria, akiwa ndani ya kizimba cha chuma, anamwona mwaguzi wa kwao, na anamkatalia katakata kwamba miungu ndiyo iliyomwandikia mwisho huu. Ni yeye aliyeutunga, anasema, si wao.

Basi akapigwa. Akachomwa kwa chuma cha moto. Aelle, ambaye kwa bahati mbaya ameumbwa kama mhusika bapa asiye na lolote ndani yake ila chuki na sala, anasimama akimshukuru Mungu. Ragnar ananing'inizwa juu ya shimo. Hapo ndipo anapofungua kinywa na kusema. Na anasema nini? Anasema maneno ya muumini. Anatangaza kwa furaha kwamba Odin anaandaa karamu, kwamba hivi karibuni atakunywa pamoja na waliomtangulia, kwamba shujaa haomboi anapoingia katika ukumbi huo. Ni mwangwi wa lile shairi la karne ya 12, karibu wazo kwa wazo. Katika shairi, msemaji anayaamini anayoyasema. Katika tamthilia yamewekwa kinywani mwa mtu ambaye sisi watazamaji tumetoka kumsikia akiyakana.

Katikati ya umati, amesimama mtu mmoja amejifunika vazi la mtawa. Ni Ecbert. Amekuja kwa siri kumtazama rafiki yake akifa. Watu wote pale wanaona mshenzi anayewaita mashetani wake. Yeye peke yake anajua kwamba msemaji hasadiki neno hata moja. Wala hawezi kusema. Uso wake unafanya kazi kubwa kuliko maneno yote ya kipindi kile, na hapa sina budi kumsifu mwigizaji, Linus Roache.

Nilipouona uso huo ndipo nilipoanza kulia.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu milimani Taita. Alistaafu akiwa na afya njema na kanzi ya vitabu alivyovifunga kwa karatasi za magazeti. Mama alikuwa, na angali, mtu wa kanisa. Kaka yangu alipofariki katika ajali ya barabarani, baba hakugombana na mtu wala kukufuru. Aliendelea kumsindikiza mama kila Jumapili hadi langoni, kisha akakaa nje chini ya mkaratusi akisoma gazeti mpaka ibada iishe. Watu walisema ni huzuni, itapita. Siku moja tulipokuwa tukipanda kutoka sokoni, yeye na mimi tu, alisimama kupumzika akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, mimi huko juu sioni mtu tena. Lakini usimwambie mamako." Sikumwambia. Sijamwambia mtu hadi leo ninapoandika, na nimeyaandika baada ya kutafakari kwa muda mrefu.

Alipougua, ugonjwa ulikwenda mbio. Siku tatu kabla hajatuacha, akina mama wa kanisa walikuja hospitalini wakazunguka kitanda. Waliimba. Baba, ambaye asubuhi hiyo hakuweza kuinua kikombe, aliimba nao. Walipoomba, aliitikia "Amina" kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wageuke. Halafu akamwita mama kwa jina la marehemu kaka yangu, kama ilivyo ada kwetu mke kuitwa kwa jina la kifungua mimba wake, akamwambia, "Mimi natangulia kumwona mtoto. Nitamfikishia salamu zako." Mama alilia, lakini kwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Baba aliinua macho akanitazama mimi niliyesimama upande wa miguu. Alinitazama muda mrefu. Mimi nikatazama dirishani.

Miaka miwili nilibeba hasira juu ya tukio hilo. Niliona ameogopa. Niliona kwamba mtu niliyemheshimu kwa ukweli wake alikuwa amenywea dakika ya mwisho, na kwamba lile neno alilonikabidhi njiani, lililonifanya nijione kama mtu mzima mbele yake, lilikuwa halina thamani. Katika maziko, mchungaji alipousimulia umati jinsi marehemu alivyoimba kitandani, nilitoka nikajifanya naangalia masufuria ya chakula.

Sasa fikiri, msomaji, niko bwenini usiku, natazama mtu aliyefungwa kizimbani akiwaimbia wengine imani ambayo yeye ameshaivua, na mbele yake amesimama mmoja tu anayejua, kajifunika, kanyamaza. Sikuhitaji mhakiki anieleze jazanda hiyo. Nafasi ya Ecbert katika umati ndiyo nafasi niliyosimama mimi, upande wa miguu. Wala Ragnar haogopi. Mtu aliyejipangia shimo mwenyewe hawezi kuambiwa ameliogopa. Anasema yale kwa sababu yapo masikio yatakayoyahitaji. Wanawe watasikia jinsi alivyokufa. Maneno yake juu ya wana wa nguruwe watakaokoroma wakipata habari za mateso ya nguruwe mkongwe hayamhusu Odin hata kidogo. Yanawahusu walio hai ng'ambo ya bahari.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuhitimisha, maana kipindi chenyewe hakikuniruhusu. Nimekitazama tena mara nne. Mwenzangu, ambaye anasomea historia na ambaye kwake lenye uzito ni kwamba jeshi kubwa la Wavikingi lilitua Uingereza mwaka 865 na kwamba Aelle halisi aliuawa mjini York mwaka 867, alikubali kukitazama nami mara ya tatu. Yeye aliona jambo ambalo sikuliona. "Mbona unasema haamini?" akaniuliza. "Mtazame macho. Pale mwanzo anaigiza, ndiyo. Lakini anapofika mwisho, mimi nadhani anaanza kuiona hiyo karamu." Tulibishana hadi saa nane za usiku. Nilirudisha picha nyuma, nikaisimamisha, nikaikuza. Kile ambacho Travis Fimmel anakifanya kwa uso wake katika zile dakika hakikubali kusomwa kwa njia moja. Nilikuwa nimekiita kinaya cha kidrama, nikakifunga katika istilahi kama tunavyofundishwa. Istilahi ilitosha kwa nusu ya kwanza ya usemi wake.

Kwa hivyo siijui nusu ya pili, ya Ragnar wala ya baba. Inawezekana aliimba kwa ajili ya mama. Inawezekana pia kwamba wimbo, ukishaanza kuimbwa kwa sauti na watu kumi na wawili waliokuzunguka, una nguvu zake. Yule mtazamo wake mrefu niliuchukua kuwa ni kuomba radhi. Leo nadhani huenda aliniomba ninyamaze, au huenda alikuwa ananiambia tu kwaheri na mimi nikageukia dirisha.

Nilikwenda nyumbani wakati wa Pasaka. Jioni moja tukichambua maharagwe, mama aliniuliza bila kuinua kichwa, "Baba yako aliamini mwishoni, sivyo?" Nikaona kwamba huenda hata yeye alijua siku zote sababu ya ule mkaratusi. Nilikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa la uongo, ila sikujua ni lipi.

"Alisema kwa sauti kubwa, mama," nikamjibu. "Sote tulimsikia."

Akatikisa kichwa kukubali, akanisogezea ungo.