Ukienda Disney na watoto, chukua hema

MTAJIE mtoto wa Nairobi au Mombasa jina la Disney, uone macho yanavyomng'aa. Mickey Mouse amemwona kwenye televisheni, kwenye mkoba wa shule na hata kwenye mswaki. Si ajabu basi kwamba familia zenye jamaa kule Marekani zinapopanga kwenda kuwasalimu, swali la kwanza la watoto ni: "Baba, tutapitia Disney?"

Baba hunyamaza, akapiga hesabu moyoni. Kuna nauli ya ndege. Kuna ada ya viza, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa hadi dola 185 kwa kila mtu. Kisha kuna hoteli, chakula na tiketi za kuingilia. Akiba ya miaka mitano yaweza kuyeyuka kwa juma moja tu, na watoto wakarudi nyumbani wakikumbuka foleni kuliko kitu kingine.

Mpenzi msomaji, kuna njia nyingine ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Ndani ya eneo lilo hilo la Walt Disney World, katika jimbo la Florida, kuna msitu wa kupigia kambi. Unaruhusiwa kufika na hema lako, ukalisimamisha chini ya misonobari, ukapika chakula chako kwenye makaa na usiku ukalala ukiwasikiliza vyura.

Mahali hapo panaitwa Fort Wilderness. Palifunguliwa Novemba 19, 1971, wiki saba baada ya Walt Disney World yenyewe kufungua milango Oktoba 1. Walt Disney hakuiona siku hiyo, kwani alifariki Desemba 1966. Kakaye, Roy, ndiye aliyeahirisha kustaafu ili kuikamilisha kazi.

Kambi hiyo ina ukubwa wa takriban ekari 750. Iwapo umewahi kuitembelea bustani ya miti ya Arboretum jijini Nairobi, basi chukua hiyo uizidishe mara kumi. Ndani yake mna viwanja vipatavyo 800 vya mahema na karavani, pamoja na nyumba ndogo za kukodi kwa wale wasiotaka kulala chini.

Maisha ya kambini

Usifikirie ni pori tupu. Kila kiwanja kina namba yake, mfereji wa maji, soketi ya umeme, meza ya mbao na jiko la makaa la kuchomea nyama. Kiwanja kimoja huruhusiwa kulaza hadi watu 10, kwa hivyo shangazi na binamu wanaoishi Marekani wana nafasi pia. Mwendo mfupi kutoka hapo utapata jengo lenye vyoo, mabafu ya maji moto na mashine za kufulia nguo.

Gari lako litakufikisha kwenye kiwanja, lakini baada ya hapo mizunguko ya ndani ya kambi hufanywa kwa mabasi ya bure, baiskeli au miguu. Wengi hukodi vigari vya gofu, ingawa kodi yake ya kutwa si haba. Kwa sababu magari hayapitipiti ovyo, watoto huendesha baiskeli kwa uhuru ambao mtoto wa Umoja au Kongowea hana.

Mabwawa ya kuogelea yapo, na hayahitaji tiketi ya bustani. Kuna zizi la farasi ambako hukaa wale wanaovuta magari ya abiria katika bustani ya Magic Kingdom, na kuwatazama ni bure. Jioni, watu hukusanyika kuzunguka moto. Hapo wale kindi wawili wa katuni, Chip na Dale, hutokea kucheza na watoto, nyimbo zikaimbwa, watu wakachoma mashimelo, kisha filamu ikaonyeshwa chini ya nyota. Kiingilio hakuna.

Ukiteremka hadi ufuo wa ziwa Bay Lake usiku, utaona fataki za Magic Kingdom zikipasuka juu ya maji. Asubuhi utapanda mashua pale pale, nayo itakupeleka hadi lango la bustani hiyo. Wanaokwenda bustani nyingine hupanda mabasi.

Kuhusu chakula, hapo ndipo hema linapolipa. Mkahawani, mlo mmoja wa familia hula pesa nyingi. Kambini, mama anaweza kununua kuku, mboga na unga mweupe wa mahindi katika duka la mjini, akasonga ugali kama kawaida. Usijaribu kubeba nyama au soseji kutoka nyumbani; maafisa wa forodha wa Marekani wataitupa mbele ya macho yako.

Tahadhari

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Florida ni kati ya majimbo ya Marekani yanayopigwa na radi mara nyingi zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba joto ni kali, hewa ni nzito kama ya Mombasa mwezi Machi, na mvua ya ngurumo hunyesha karibu kila alasiri. Hema halimkingi mtu na radi. Ukisikia ngurumo, waingize watoto ndani ya gari au katika jengo la vyoo, msubiri hadi iishe kabisa.

Msimu wa vimbunga nao ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Oktoba 2024, kimbunga Milton kilipokuwa kikikaribia, wageni wa kambi hii walilazimika kuondoka na ikafungwa. Kwa hivyo likizo yetu ya Agosti si wakati mzuri wa hema. Ile ya mwisho wa mwaka ndiyo bora, hasa Desemba. Wakati huo hewa ni baridi kidogo, mbu ni wachache, na familia nyingi hupamba viwanja vyao kwa taa za Krismasi hivi kwamba watu hutembea usiku kuzitazama tu. Lakini beba sweta na blanketi nzito, kwani usiku mmoja wa baridi huko waweza kukukumbusha Limuru mwezi Julai.

Kuna na wanyama. Rakuni ni wezi hodari wa chakula, basi kila kitu kifungiwe ndani ya gari kabla ya kulala. Paa, bata mzinga wa mwituni na armadilo, ambaye anafanana kidogo na kakakuona wetu, hupita bila kumdhuru mtu. Lakini maji ni jambo jingine. Mabwawa na maziwa ya Florida yana aligeta, mnyama wa jamii ya mamba. Juni 2016, mtoto wa miaka miwili alinyakuliwa na aligeta ufukoni mwa mojawapo ya hoteli za hapo Disney, akafa. Tangu hapo ua na mabango ya onyo vimewekwa kwenye fuo. Mtoto asikanyage maji ya ziwa, hata kwa dakika moja. Aoge bwawani.

Hesabu

Kiwanja cha hema si cha bure. Bei hubadilika kwa msimu na mara nyingi hupita dola 100 kwa usiku mmoja. Hata hivyo, hiyo ni ya familia nzima, nayo ni sehemu ndogo ya bei ya hoteli kubwa zilizo kando ya ziwa lilo hilo.

Kinachommaliza mzazi ni tiketi. Bei ya tiketi ya siku moja huanzia dola mia moja na ushei, na hupanda zaidi siku za kilele. Wa chini ya miaka mitatu huingia bure, na wa miaka mitatu hadi tisa hupunguziwa kidogo tu. Tuseme ninyi ni watano, na tiketi ya siku hiyo ni dola 150. Hizo ni dola 750. Kwa kiwango cha Sh130 kwa dola, ni Sh97,500 zimekwenda kati ya asubuhi na jioni. Yapo matineja yanayolipiwa karo ya muhula kwa pesa hizo na chenji ikabaki.

Kosa la wengi ni kununua tiketi za kila siku wakiogopa kupunjika. Matokeo yake ni kuwaburura watoto kutoka alfajiri hadi usiku, kila mtu amenuna. Kwa makadirio, Magic Kingdom pekee ilipokea wageni milioni 17.7 mwaka 2023. Hao wote wako kwenye foleni pamoja nawe.

Hapa ndipo nasema hema lina faida kuliko kuokoa pesa. Ukiwa na kambi unaweza kukaa siku tano na kununua tiketi za siku mbili tu. Siku zile nyingine tatu ni za kuogelea, baiskeli, kuchoma kuku na kusimuliana hadithi. Siku ya kwanza iwe ya kupumzika kabisa. Desemba, saa za Florida ziko nyuma ya zetu kwa saa nane, na watoto watakuwa macho usiku wa manane wakidai chai.

Baba wa mjini humwona mwanawe kwa saa ngapi? Anatoka nyumbani mtoto amelala, anarudi kutoka kwenye msongamano wa magari mtoto amelala. Hakuna tiketi inayouza saa hizo. Kambini zinapatikana, kwa kuwa kuna maji ya kuteka, hema la kukaza kamba na sufuria za kuosha, na kila mtoto ana kazi yake kando ya mzazi.

Lamu ya kuigiza

Mkiamua kutumia tiketi moja katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, mtakutana na jambo la kuchekesha. Humo mna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Waliokisanifu walichukua mfano wa miji ya pwani yetu, hasa Lamu: kuta zilizochakaa kwa makusudi, ngome, mabango ya Kiswahili. Jina ni ile Harambee ambayo Mzee Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, ila wao wameiandika kwa "e" moja. Kutoka hapo lori huwapeleka watu kuona twiga, ndovu na simba.

Kazi yao ni nzuri, haina dharau. Lakini fikiria mtoto wa Kenya anayelipiwa maelfu ya shilingi kutazama Lamu ya saruji, ilhali Lamu yenyewe, ambayo mji wake mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, hajaikanyaga. Asije akadhani ya kwetu ndiyo nakala.

Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni huu. Kabla ya kulipa hata senti ya viza, nunua au azima hema na uwapeleke watoto Hell's Gate, karibu na Naivasha, umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Mbuga hiyo ina viwanja vya kambi, na ni kati ya chache ambako unaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia. Wachoraji wa Disney walifika huko kujifunza mandhari kabla ya kutengeneza filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Waambie watoto hivyo, uone watakavyozitazama zile genge. Mvua ikitanda, msiingie korongoni. Mafuriko ya ghafla yaliua watalii humo Septemba 2019.

Usiku mmoja hapo utakujuza mengi: nani anaogopa giza, nani anakoroma, kama hema linavuja. Mkifurahi, mtakuwa tayari kwa Florida siku ambayo akiba itatosha. Na isipotosha, watoto watakuwa wameshapata sehemu kubwa ya kile ambacho mlitaka kukifuata ng'ambo.