Jokofu la Shangazi, Mtaa wa Kiponda

Tulishuka bandarini Malindi adhuhuri, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kuingia Ramadhani. Kaskazi ilikuwa imetulia, na jua la Unguja lilikuwa kali kiasi cha kuwafanya wachukuzi wajibanze kivulini mwa makontena. Tulikuwa ndugu watatu, tuna katoni moja ya tende, na tuna jambo ambalo hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Shangazi yetu alikuwa ametoka hospitalini wiki iliyotangulia. Sukari ilimpanda akalazwa siku nne, ilhali ni mwanamke asiyeonja hata kipande cha halua siku ya Idi. Daktari alimuuliza sindano zake za insulini anazihifadhi wapi. Alijibu kwa fahari kwamba anazo kwenye friji, na friji lenyewe ni la marehemu kaka yake, yaani baba yetu. Daktari akamwambia akalipime. Hakulipima.

Kutoka Malindi hadi Kiponda si mwendo wa robo saa kwa anayezijua njia. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunapotea kila mara, na kila mara hutokea mtoto wa chuoni akatutoa. Nyumba ya Shangazi ni ya mawe na chokaa, kuta zake nene kama urefu wa mkono, dari zake za boriti za mikoko. Vyumba vya chini hubaki baridi mchana kutwa. Jiko lakini liko juu kabisa, chini ya bati, kama yalivyo majiko mengi ya Mji Mkongwe, na humo joto la Shaabani mwaka huu lilikuwa la kutokwa jasho hata kabla moto haujawashwa.

Jokofu lilikuwa pale pale pa siku zote, rangi yake ya maziwa imegeuka kuwa ya samli, miguu imeliwa na kutu ya hewa ya bahari. Baba alilileta kutoka Dubai mwaka 1988, miaka michache baada ya biashara kufunguliwa Visiwani, na wachukuzi wanne walilipandisha ngazini wakiliinua kwa kamba. Majirani walikuja kunywa maji ya baridi kwa zamu. Kwa jokofu hilo Shangazi aliuza barafu za ukwaju na za ubuyu, na kwa fedha hizo wanawe wawili walisoma. Lilivuka kiza cha Mei 2008, Unguja nzima ilipokosa umeme, likavuka na kile kirefu zaidi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu likiwa kabati tu la kuwekea unga. Umeme uliporudi, likaunguruma. Hadithi hiyo Shangazi huisimulia kama wengine wanavyosimulia watu waliookoka baharini.

"Vitu vya siku hizi karatasi tupu," alituambia tulipokwishasalimiana na kunywa chai. "Hiki kizima mnataka kukitupa? Hiyo ni israfu, wanangu."

Neno hilo lilitunyamazisha, maana halikuwa la kupuuzwa. Lakini bakuli la mtindi lilikuwa limekwishachacha mezani, na jirani alitunong'oneza ngazini kwamba samaki wa juzi walitupiwa paka. Israfu ilikuwamo pande zote mbili.

Basi hatukubishana. Baada ya Isha tulitia kipimajoto ndani ya bilauri ya maji, tukaiweka rafu ya kati, tukafunga mlango. Kabla ya Alfajiri, saa ambayo jiko huwa limepoa kuliko saa zote, tulikisoma: nyuzi 12. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kama usiku ni 12, adhuhuri ilikuwaje? Shangazi alikishika kipimajoto, akakigeuza, akasema labda kimeharibika. Akakirudisha mwenyewe ndani ya bilauri, akakaa kitini kukisubiri. Kikasema vile vile.

Asubuhi alikuja fundi, mtu mzima wa Mlandege ambaye amekuwa akilitibu jokofu hilo miaka mingi. Alibana karatasi mlangoni akaivuta. Ikatoka bila ukinzani.

"Mpira wa mlango umekufa, Bi mkubwa. Huo nautafuta, naubadilisha. Lakini sikiliza mota: tangu nimeingia haijapumzika. Gesi yake ni ile R12, haitengenezwi tena. Nikikutilia ya sasa, mafuta ya mota nayo hayapatani nayo, kwa hiyo mota nzima itoke. Gharama yake inapita nusu ya friji jipya. Na bati la nyuma limetoboka kutu. Kwa maji ya kunywa ningekwambia vumilia. Kwa dawa, siwezi kukudanganya."

Tulimpenda fundi huyo. Alikuwa akijikatia riziki yake mwenyewe.

Tuseme wazi kwamba umri haukutuongoza katika mengine yaliyokuwamo jikoni. Blenda yenye kifuniko cha kufungia mpira tuliiacha. Inasaga nazi, na siku ikikataa, mbuzi na kinu vipo. Mpira wa gesi tuliubadilisha siku ile ile bila kuuliza mtu. Haukuwa hata wa miaka mitano, ila ulipokunjwa ulionyesha nyufa, na jiko lile huwashwa usiku wa daku watoto wakiwa wamelala chumba cha pili.

Darajani wauzaji walitupokea kwa maneno matamu. Majokofu yaliyotumika Dubai yamepangwa kando ya njia, yameoshwa yakang'aa, na bei yake inatamanisha. Fundi alitufundisha kusoma kibandiko: umeme wa volti 220 hadi 240, aina ya gesi, na herufi T, maana yake limeundwa kuhimili joto la nje hadi nyuzi 43. Lenye N huishia 32, na jiko la Shangazi hupita hapo. Majokofu mawili mazuri mno tuliyaacha kwa herufi hiyo moja. Tulinunua jipya, dogo, pamoja na kifaa cha kulikinga umeme unapopanda na kushuka.

La zamani fundi alilifyonza gesi yake ndani ya mtungi badala ya kuiachia hewani, kisha aling'oa mlango kabisa, asije mtoto akajifungia ndani. Shangazi hakukubali liondoke. Sasa lina unga, tambi na tende tulizoleta.

Insulini aliiweka mwenyewe rafu ya kati, mbali na sehemu ya barafu, kwa kuwa ikiganda nayo imeharibika. Kipimajoto kilisoma 5.

Usiku ule tulimsikia akipanda ngazi mara mbili. Mara ya pili tulimfuata. Alikuwa amesimama gizani, kiganja chake kikiwa juu ya jokofu jipya.

"Halisemi," alisema. "Nadhani limezima."