Barua kutoka Louisville: Kazi ya nyumbani imeandikwa wapi?

Dada yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa kwenye basi, nikacheka peke yangu hadi abiria wa pembeni akanitazama, pale uliposema wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wanaikumbuka ratiba ya mpira ya Ulaya nzima ila kazi ya hisabati ya jana hawaikumbuki. Umeniuliza huku Marekani walimu wanafanyaje ili mtoto ajue amepewa kazi gani, na kama ni kweli wazazi wanaona kila kitu kwenye simu. Siku hizi kibarua changu cha ukalimani kinanipeleka shuleni zaidi kuliko hospitalini, kwa hiyo umeuliza kwa mtu mwenye la kusema.

Watoto wa umri wa wanafunzi wako huku wanasoma shule ya kati, darasa la sita hadi la nane, miaka 11 hadi 14. Wametoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa nao karibu kutwa nzima, sasa wana walimu sita au saba. Kengele ikilia, wanaohama ni wanafunzi. Mwalimu anabaki na chumba chake na ubao wake. Na hapo ndipo hisabati inapoanza kuchachamaa: darasa la saba uwiano, asilimia na namba hasi, la nane milinganyo ya mstari na kanuni ya Pythagoras. Mpangilio huo unatokana na viwango vya pamoja vya masomo vya majimbo mengi, na jimbo hili la Kentucky ndilo lililokuwa la kwanza kuvikubali, Februari 2010, hata kabla havijatolewa rasmi. Baadaye wamevirekebisha na kuvipa jina lao.

Usidhani watoto wanalemewa na kazi. Kuna kanuni maarufu ya dakika kumi: darasa la kwanza dakika 10 kwa siku, la pili 20, ukifika la saba ni dakika 70, masomo yote yakiwa humo. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye pamoja na wenzake alichapisha mwaka 2006 mapitio ya tafiti nyingi kuhusu kazi za nyumbani, aliona kwamba uhusiano wa kazi hizo na kufaulu una nguvu zaidi kuanzia darasa la saba kwenda juu kuliko kwa wadogo. Sasa gawa dakika 70 kwa masomo yote uone hisabati inabaki na nini: maswali manane, pengine kumi. Sisi mwalimu wetu alikuwa akisema "zoezi lote" na kutoka nje. Kwa hiyo kinachowasumbua wa huku si wingi wa kazi. Ni kujua iko wapi.

Google Classroom ilizinduliwa mwaka 2014, na kwa miaka kadhaa shule nyingi ziliitumia nusunusu. Korona ilipofunga shule mwaka 2020, watoto wakagawiwa kompyuta ndogo na kila kitu kikahamia humo. Milango ilipofunguliwa watoto walirudi darasani, ila karatasi haikurudi yote. Mwalimu anaweka kazi, anaweka tarehe ya mwisho, na asipogusa mahali pa saa, mfumo wenyewe unaandika saa 5:59 usiku. Mtoto wa miaka 12 ana shughuli gani na saa 5:59 usiku? Hakuna aliyekaa akaamua hivyo kwa ajili yake, lakini ndivyo anavyojifunza kwamba kazi ina uhai hadi karibu na saa sita za usiku.

Na hapo ni mahali pamoja tu. Alama zinakaa kwenye mfumo mwingine, ujumbe wa mwalimu kwa mzazi unapita kwenye programu ya tatu, na mazoezi yenyewe ya hisabati mara nyingi yako kwenye tovuti ya nne, yenye nywila yake. Mtoto anatangaziwa kazi huku, anaifanyia kule, anaiona alama kwingine kabisa. Mzazi akikubali mwaliko wa shule, Classroom inamtumia muhtasari kwa barua pepe, wa kila siku au wa kila wiki akitaka: kazi ambazo hazijawasilishwa, zinazokuja, na yaliyofanyika darasani. Alama hazimo. Kwa alama atafute ile nywila nyingine.

Ngoja nikupe kisa cha kikao kimoja, shule nisiitaje. Mama mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, anafanya kazi ya usiku ghalani, amekuja na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mwalimu wa hisabati amegeuza kompyuta ili tuione: kazi tatu zina alama nyekundu, hazijawasilishwa. Kijana anasema amezifanya. Mwalimu anatabasamu lile tabasamu la walimu unalolijua wewe. Kijana anafungua begi, anachimba chini ya koti na pakiti ya chipsi, anatoa karatasi tatu zilizokunjamana. Zimefanywa zote, kwa penseli, na njia zimeonyeshwa. Kumbe kazi ilikuwa ya kufanyia kwenye karatasi, kisha uipige picha, uipandishe, na mwisho ubonyeze kitufe cha kuwasilisha. Hatua ya kwanza aliijua. Mbili zilizobaki zilitajwa mara moja tu, siku ambayo yeye alikuwa kliniki ya meno.

Mama akaniomba nimuulize mwalimu: kama mtoto amezifanya, na wewe unaziona hapa mezani, hiyo kompyuta inabisha nini?

Nilikalimani kama lilivyo. Mwalimu alicheka kwa dhati, akazisahihisha palepale. Lakini wewe ni mtu wa hesabu, hebu tazama kilichokuwa kimetokea kabla ya hapo. Kijana alikuwa na kazi nyingine tatu zilizosahihishwa, kila moja juu ya 10: amepata 8, 9 na 7. Jumla 24 kati ya 30, yaani asilimia 80. Weka sifuri tatu za hizo karatasi zilizokuwa begini: 24 kati ya 60, asilimia 40. Wastani ni mada ya darasa la sita huku, kwa hiyo hata yeye mwenyewe angeweza kuikokotoa. Tofauti ya asilimia 80 na 40 hapo haihusiani na uwiano wala namba hasi. Inahusiana na kitufe.

Jambo linalonikera zaidi, dada, ni mpangilio wa nani anajua kwanza. Mwenye kazi ni mtoto, lakini taarifa zinakimbilia kwa mzazi. Kijana bado yuko kwenye basi la shule, simu ya mama imeshalia: mwanao hajawasilisha. Akifika mlangoni, habari ya kazi yake mwenyewe anaipokea kama shtaka. Naye kwa akili ya umri huo anajifunza haraka kwamba kazi ya hisabati ni ugomvi kati ya mwalimu na mama, yeye apite katikati kimyakimya. Wazazi wenye simu mbovu au wasiosoma Kiingereza hawapati hata huo ugomvi. Wanakuja kushtuka siku ya ripoti.

Sasa nikuhamishie darasa jingine, kwa mwalimu wa darasa la saba anayekaribia kustaafu. Upande wa kulia wa ubao wake ametenga kona kwa utepe mweusi wa gundi. Humo haandiki kitu kingine, na hafuti hadi asubuhi inayofuata. Mistari ni minne, mahali palepale kila siku: leo tunafanya nini, kazi ya nyumbani (ukurasa na namba za maswali), kesho uje na nini, jaribio ni siku gani. Watoto wakiingia, dakika tano za kwanza wananakili kona hiyo kwenye daftari dogo la ratiba, naye anapita katikati ya madawati na muhuri wake, anagonga. Asiyenakili hapigiwi kelele; mwalimu anasimama tu pale hadi amalize. Nimekaa humo nikisubiri zamu yangu, nikaona hata mabingwa wa utundu wanaandika.

Kengele ikikaribia, anamteua mtoto mmoja asome kazi kwa sauti, kisha swali la kwanza wanalianza pamoja. Siku niliyokuwepo lilikuwa la galoni 12 za petroli kwa dola 42, galoni moja ni kiasi gani. Waliligawanya hadi wakapata dola 3.50, wakaondoka. Ndiyo kusema hakuna aliyefika nyumbani akaanza kujiuliza swali linataka nini. Mlangoni kuna sanduku lenye mafaili matano, Jumatatu hadi Ijumaa. Mtoto asipokuja, karatasi ya siku hiyo inaandikwa jina lake juu na kutumbukizwa humo. Akirudi hamuulizi mtu, anachukua yake.

Na Classroom anaitumia pia, usifikiri ni mshamba. Mwisho wa siku anaipiga picha ile kona na kuiweka humo. Mtandao kwake ni nakala ya ubao. Kwa wenzake wengi ubao ndio uliogeuka nakala ya mtandao, na mara nyingi nakala yenyewe haipo.

Kwa wazazi wahamiaji ninaowakalimania kuna kikwazo kingine ambacho hakuna programu inayokitaja. Hata wakiijua kazi, wanaifahamu kwa sura nyingine. Yule mama wa Uvira alisomea hesabu kwa Kifaransa: akigawanya, kigawanyo anakiandika upande wa kulia na jibu linakaa chini yake. Mwanawe anakiweka kushoto na jibu linapanda juu. Nusu ya saba mama anaandika 3,5, mtoto 3.5. Mlinganyo wa mstari mama aliufundishwa y = ax + b, mtoto analetewa y = mx + b, na mimi na wewe tulikuwa na y = mx + c. Mstari ni uleule, lakini saa tatu usiku, mtoto amechoka na mama anajiandaa kwenda kazini, herufi moja inatosha kumfanya mtoto aseme "mama hujui". Ndiyo maana karatasi yenye mfano mmoja uliokwisha kufanywa ina faida zaidi nyumbani kuliko arifa kumi. Mzazi akiuona mfano, anaitambua hesabu yake.

Sheria ipo upande wao, lakini wengi hawaijui. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ilisema kutowasaidia wasiojua Kiingereza ni kuwanyima elimu. Kutokana na hayo shule zinawajibika kuzungumza na wazazi kwa lugha wanayoielewa, na ndipo mimi ninapopata mkate wangu. Bado nimewahi kuingia chumbani nikakuta mtoto ameshaanza kumkalimania mama yake. Mwalimu kasema kazi nyingi hazipo. Mama kaambiwa mwalimu anafurahi sana na maendeleo. Kijana yule atafika mbali, ila si kwa hisabati.

Tena huku matokeo hayabandikwi ukutani kwa majina. Sheria ya kumbukumbu za wanafunzi, nayo ya 1974, haiziruhusu shule kuanika alama za mtoto hadharani. Nikiwasimulia walimu jinsi sisi tulivyokuwa tukisukumana kwenye ubao wa matangazo kutafuta nani wa kwanza na nani wa mwisho, wananitazama kama nimehadithia vita.

Sasa, kwenye ujumbe wako umetaja kundi la WhatsApp unalotaka kulianzisha kwa ajili ya wazazi wa darasa lako. Lianzishe, lakini lisiwe ndipo kazi inapotangazwa. Wewe mwenyewe umesema simu nyingine ni za baba aliye safarini, nyingine hazina bando hadi mwisho wa mwezi. Ijumaa tuma ujumbe mmoja: mada ya wiki, mfano mmoja uliofanywa hatua kwa hatua, siku ya jaribio. Basi. Ukituma kila siku, kufikia wiki ya tatu watakuwa wanatumiana maua na kheri za asubuhi.

Kazi ya kila siku iweke kwenye kona ya ubao. Najua ubao wako ni mmoja na mnapokezana na mwalimu wa jiografia. Zungumza naye akuachie kipande cha upande wa dirishani. Na kwa kuwa vitabu havitoshi na watoto wananakili maswali ubaoni, wape muda wa kunakili kabla ya kengele. Anayenakili akikimbilia mlangoni ananakili makosa, kisha unamsahihisha kwa swali ambalo hukumpa. Asiyekuwepo mpangie jirani wa mtaani kwao, jina lijulikane mapema, wasianze kusukumiana.

Picha ya ile kona nimekutumia pamoja na barua hii. Mwalimu aliniruhusu, mradi asionekane mtoto yeyote. Nawe usisahau kunipigia picha lile bango la MAGAZIJUTO la darasani kwako. Nilimwandikia mwalimu yule kwenye karatasi, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, akapenda, anataka kulibandika kando ya PEMDAS yake, kifupisho kama hicho cha Kiingereza. Wasalimie shemeji na watoto. Fedha za bima ya mama nimetuma jana. Muulize kama zimefika.

Mdogo wako,
Louisville, Kentucky