Plagi Nne na Mtamba Mmoja

Wengi wa rika langu tunajua kufungua simu na kubadilisha skrini, lakini boneti ya gari tunaiangalia kama mlango wa ofisi ya chifu: unaingia tu ukiitwa. Lawama nyingine ni ya gari zenyewe. Za zamani ukifungua uliona waya zote zikitoka kwa distributa, unaweza kuzifuata kwa kidole. Za siku hizi zimefunikwa plastiki nyeusi juu ya injini, na hiyo plastiki inasema kitu kimoja tu: peleka kwa fundi.

Mimi nasema ifungue, angalau mara moja, na uanze na plagi.

Plagi kazi yake ni cheche. Petroli ikichanganyika na hewa ndani ya silinda haijiwashi, inangoja kuwashwa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani 25 kila sekunde. Kila cheche inalamba chuma kidogo sana kwenye ncha. Pengo kati ya ncha mbili, ambalo kwa gari nyingi ni kama milimita moja, linapanuka pole pole hadi siku umeme unashindwa kuruka. Hapo ndipo gari inaanza kumisi. Inatetemeka ikiwa imesimama, inakosa nguvu mlimani, na mafuta inakunywa zaidi.

Kwetu ni Endarasha, Kieni Magharibi, upande ule Nyandarua iko karibu hadi wingu likishuka linaingia jikoni. Gari ya nyumbani ni Probox. Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka wa 2002 kama gari ya kazi, na huku kwetu imefanyishwa kazi kweli: viazi, kabichi, maharusi, hata jeneza. Kila alfajiri Baba anabeba mitungi ya maziwa, yetu na ya majirani watatu, hadi mahali pa kukusanyia. Maziwa hayangoji mtu. Yakichelewa yanakataliwa, na yakikataliwa unarudi nayo nyumbani ukawape ndama na paka.

Julai, katikati ya baridi, gari ikaanza kumisi. Baba akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akaisikiliza kama dakika moja, akasema koili zote nne zimekufa, jumla na kazi ni shilingi 16,000. Baba hakubishana. Alirudi nyumbani akampigia mnunuzi wa ng'ombe kuhusu mtamba wetu, yule aliyekuwa akae hadi Januari ili mdogo wangu aingie Gredi ya 10.

Hapa lazima mnijue. Mimi ndiye msichana aliyeacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha kabla yangu, na wakati huo nilikuwa nimeanza kulipwa kidogo kwa kuandika, nikaamua nifuate kinacholipa. Baba hajawahi kunigombeza. Mimi ni kifungua mimba na nina jina la mamake, kwa hivyo ananiita Maitu, mama yangu, na ni vigumu kumkaripia mama yako. Ila tangu nirudi aliacha kuniuliza maswali mazito. Ananiuliza tu kama nimekula.

Nilimwomba anipe siku mbili kabla mtamba hajaondoka.

Kilichonisumbua ni hesabu. Kwa gari kama Probox kila plagi ina koili yake, imeikalia juu kama kofia, ikichukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa maelfu kwa maelfu. Koili moja hufa, hilo ni la kawaida. Zote nne kufa pamoja yawezekana, lakini ni kama watoto wanne wa nyumba moja kuvunjika mguu siku moja. Unauliza kwanza.

Na kuuliza si ghali. Nilikopa kwa dereva fulani kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, kinachosoma kompyuta ya gari na kutuma majibu kwa simu. Kikaandika P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu peke yake. Basi unabadilishana koili, ya tatu unaipeleka ya kwanza, ya kwanza unaileta ya tatu, unafuta ule msimbo, unawasha gari tena. Ukirudi kama P0301, ugonjwa umehama na koili, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0303, koili haina hatia, na plagi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ulibaki P0303.

Nikapanda matatu hadi Nyeri. Plagi nne za kawaida za nikeli, 1,600. Soketi ya milimita 16, yenye mpira ndani wa kushika plagi, 350. Plagi feki zimejaa sokoni, kwa hivyo sikuangalia urembo wa boksi. Nililinganisha namba ya plagi na ile iliyo kwenye kitabu cha gari, nikakagua ncha moja moja.

Sasa kazi. Injini iwe baridi kabisa, kwa sababu kichwa chake ni alumini na thredi za alumini yenye moto zinaweza kung'oka pamoja na plagi. Endarasha hilo si tatizo, unaiacha ilale nje. Toa waya wa hasi kwenye betri. Ondoa plastiki ya juu. Kila koili ina plagi yake ya waya yenye kishikio. Kibonyeze taratibu, maana plastiki iliyopikwa na injini miaka na miaka huvunjika kama biskuti. Fungua bolti ya 10, zungusha koili kidogo huku na huku, ivute juu. Kabla hujagusa plagi, puliza vumbi lililo shimoni lisije likaangukia ndani ya silinda. Ndipo uingize soketi na ufungue. Ukizitoa zipange kama zilivyokaa, ya kwanza hadi ya nne, kwa sababu kila moja imetoka na habari zake.

Baba alikuwa amesimama mbali na kikombe cha chai. Nilipozipanga kwenye gunia alikuja akachutama. Tatu zilikuwa kahawia hafifu, dalili ya silinda inayochoma vizuri, ingawa ncha zilikuwa zimelika. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa petroli isiyoungua, na pengo lake unaona kwa macho kwamba limepitiliza. Nikamweleza: nyeusi kavu ni petroli kuzidi hewa, mafuta ya injini ni sili imechoka au kitu kibaya zaidi, nyeupe iliyoungua ni joto kali.

"Ni kama kuangalia kinyesi cha ndama," akasema. "Unajua ndani kuna nini."

Kwa miezi mingi hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu zaidi kwangu.

Kurudisha ndiko kunaharibu injini za watu. Plagi mpya ianze kwa vidole, bila mkono wa spana. Ikigoma, rudi nyuma uanze upya, usilazimishe. Ikishakaa, injini hii inataka nyutoni-mita 18. Kama huna spana ya kupima, plagi mpya yenye washa yake inaongezwa nusu mzunguko, isizidi theluthi mbili. Nilifunga tatu. Ya nne Baba alinyoosha mkono bila kusema kitu, nikampa soketi.

Gari iliwaka ikatulia. Mnunuzi wa ng'ombe alipigiwa simu ya pili.

Jioni hiyo Baba akasema, "Kichwa kama hiki hakifai kukaa nje ya darasa, Maitu." Nikamjibu, "Baba, na hii sikufunzwa darasani." Tukanyamaza. Plagi ni zile zile nne, yeye ameziona ni sababu ya mimi kurudi chuo, mimi nimeziona ni sababu ya kutorudi. Bado hatujamaliza hayo mazungumzo, lakini angalau sasa ni mazungumzo.

Sisemi mafundi ni wezi. Kuna kazi nyingi kwenye hiyo injini ambazo siwezi kuzigusa, na nitampelekea fundi na nimlipe. Nitakachofanya tofauti ni kumuuliza, "Umejuaje?" Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa hivyo. Anakuonyesha.

Baba ana daftari la ng'ombe: nani amepandishwa lini, nani atazaa lini. Aliniletea na kalamu, niandike tarehe ya plagi na kilomita za gari. Nikaandika, nikaongeza kwamba za nikeli zikaguliwe baada ya kilomita 20,000.

"Hiyo ni lini?" akauliza.

Kwa safari zake, kama mwaka mmoja na nusu. Alifikiria kidogo, akachukua ile soketi, akaiweka kwenye kabati lake mwenyewe.