Chaki Mkononi mwa Msailiwa

Nimestaafu kufundisha hisabati chuo kikuu, nimerudi kwetu Mombo, na vijana niliowafundisha ndio wanaokaa sasa kwenye majopo ya usaili. Wananipigia simu kuniuliza jambo lilelile tulilogombania kwa miaka: mhadhiri wa hisabati unamtambuaje kabla hujamwajiri? Simu haitoshi kulijibu.

Utoto wangu hauna mengi. Baba alikata mkonge. Mama aliwauzia abiria wa mabasi matunda yaliyoshuka kutoka Soni. Nikasoma hapa, kisha Tanga, nikaenda JKT, halafu kazini kwanza, kwa kuwa baada ya Azimio la Musoma la 1974 kijana hakutoka kidato cha sita akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kazi yenyewe ilikuwa ualimu. Kwa hiyo nilipofika chuo kikuu, Mlimani, Dar es Salaam, nilikwishajua kwamba mtu anaweza kupata jibu sahihi na asielewe alichokifanya.

Aliyenifunza kuajiri ni mkuu wa idara wa kwanza niliyefanya kazi chini yake. Msailiwa akiingia, mzee alimkabidhi chaki, akaandika ubaoni dai ambalo Cauchy, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, alilichapisha mwaka 1821. Kwa maneno mepesi: grafu zisizokatika zikifuatana hadi zikafikia kikomo, grafu ya kikomo nayo haikatiki. "Haya kijana, tuthibitishie."

Dai hilo si kweli. Abel wa Norway alitoa mfano wa kulipinga mwaka 1826. Mfano mwepesi zaidi ni huu: chukua x, x², x³ na kuendelea, kati ya 0 na 1. Kila mojawapo inapanda bila kukatika. Lakini kadiri kipeo kinavyokua, thamani inazama kuelekea 0 kila mahali, isipokuwa kwenye 1 penyewe, ambako inabaki 1 daima. Grafu ya mwisho inalala chini njia nzima, kisha inaruka. Mzee alitaka kuona nani atasita. Asiyesita mbele ya dai lile, alisema, atawafundisha wanafunzi kunakili.

Miaka mingi baadaye, mzee ameshaondoka, tulikuwa na nafasi moja na wasailiwa wawili. Wa kwanza alikuwa na daraja la kwanza, GPA ya juu sana. Alijaza ubao kwa mwandiko mzuri, akathibitisha uongo kuanzia juu hadi chini. Wa pili alikuwa na daraja la pili la juu, amevuka kidogo tu 3.8 inayotakiwa kwa mkufunzi msaidizi. Aliandika mistari miwili, akanyamaza, akachora. "Samahani Profesa, naona hapa kwenye moja panaruka." Kumaliza hakumaliza, muda uliisha. Jopo likamchukua wa kwanza. Nilipinga kwa maandishi, na barua yangu ikawekwa kwenye faili. Yule wa pili alikwenda kufanya kazi benki. Bado naamini tulimkosa mwanahisabati.

Mwenzangu aliyeongoza hoja ya kumchukua wa kwanza alikuwa na sababu, na nitaitaja kwa haki. GPA, alisema, haina mjomba. Katika idara ndogo ambamo kila mtu anamjua mwenzake, ubao unaweza kugeuka mlango wa undugu. Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kila mjumbe aandike alama zake na sababu zake, aziwasilishe kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Niliipendekeza, ikaonekana ni usumbufu.

Vijana mliosoma nje mnanieleza habari za Marekani, kwamba kule profesa msaidizi anapimwa kwa takriban miaka sita ndipo apewe nafasi ya kudumu. Angalieni tofauti. Sisi tunamchukua mtu ana shahada ya kwanza tu, majaribio yake ni miezi kumi na miwili, kisha tunamsomesha umahiri na uzamivu akiwa tayari ni wetu. Wao wakikosea mlangoni wana muda wa kujirekebisha. Sisi tukikosea tunaishi na kosa hadi mtu astaafu, na darasani kwake wanapita walimu watarajiwa wa sekondari zote. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu hisabati walikuwa kama mmoja kati ya watano. Msiwalaumu watoto. Anzeni kwa kuuliza nani aliwafundisha walimu wao, na huyo naye aliajiriwaje.

Mnaniambia siku hizi nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, kuna usaili wa mchujo, kuna wa mahojiano, maswali yamepangwa. Vizuri. Mchujo uwepo. Ila kwenye mahojiano ombeni ubao, na msikubali kunyimwa. Mnasema pia kwamba ubao unamtisha mpole, hasa binti anayeingia chumba kilichojaa wazee wa kiume. Hilo sikulifikiria zamani, na mna haki. Basi mpeni msailiwa dai na chaki, tokeni nje, mwacheni peke yake nusu saa. Mkirudi, mwulizeni kwanza alipokwama.